Kuomba Kufa: Sheria ya Ubelgiji na Fundisho la Kanisa

Watu wengi wa Kongo wana ndugu zao Ubelgiji. Hutokea habari ikafika kijijini kwamba mgonjwa fulani huko amemwomba mganga wa hospitali amwue, mganga akakubali, wala hakufungwa. Wengine wasikiao hudhani ni uwongo. Wengine hudhani kila asiyepona huko huuawa. Wote hukosea, na yafaa mkatekumeni ayajue mambo yalivyo kabla ya kuyahukumu.

Sheria hiyo ilitungwa tarehe 28 Mei 2002. Haimpi mtu ruhusa ya kumwua mgonjwa kwa kuwa amechoka kumtunza. Mgonjwa mwenyewe ndiye aombaye, naye awe na akili timamu, asishurutishwe, arudie ombi lake, aliandike na kulitia sahihi. Au awe ameliandika mapema kwa ajili ya siku atakapopotewa kabisa na fahamu. Ugonjwa sharti uwe hauponyeki, na mateso yasivumilike wala kutulizika. Mganga hushauriana na mganga wa pili. Na kifo kisipokuwa karibu, hushauriana na wa tatu, kisha hungoja mwezi mmoja. Mgonjwa aweza kulifuta ombi lake saa yoyote. Mganga asiyetaka halazimishwi, ila tangu mwaka 2020 yampasa amjulishe mgonjwa katika siku saba na kumwonyesha mahali pa kuuliza. Mwisho taarifa hupelekwa kwa baraza la watu 16 wapimao kama sheria imefuatwa. Mwaka 2014 mlango ulifunguliwa hata kwa watoto, kwa masharti makali zaidi.

Lakini tarehe 14 Juni 2002 ilitungwa sheria nyingine, ambayo watu huisahau. Hiyo humpa kila mgonjwa haki ya matunzo ya kutuliza maumivu hadi mwisho. Wako wauguzi na waganga waliojifunza kazi hiyo, nao humfuata mgonjwa hata nyumbani kwake, na kuwasaidia jamaa zake pia. Ndugu aliye huko aweza kuwaomba kwa mganga wake wa kila siku, pasipo kuomba kufa.

SWALI: Kanisa lasema nini juu ya kuomba kuuawa?

JIBU: Uhai ni wa Mungu. Kumwua mgonjwa kusudi mateso yaishe ni dhambi kubwa, hata akiomba mwenyewe, hata serikali ikiruhusu.

SWALI: Mgonjwa akikataa kupasuliwa, je, amejiua?

JIBU: Sivyo. Papa Pius XII aliwaeleza waganga tarehe 24 Novemba 1957 kwamba mtu hufungwa kutumia njia za kawaida tu, si zile zenye mzigo mzito kupita kiasi. Tuseme mzee ana kansa iliyokwisha kuenea mwilini. Waganga wasema kupasuliwa kutamwongezea majuma machache yenye maumivu mengi, na jamaa itauza shamba. Mzee huyo aweza kukataa na kurudi nyumbani, dhamiri yake ikiwa safi. Lakini asinyimwe chakula na maji maadamu mwili wake wavipokea, wala asiachwe bila kuoshwa.

SWALI: Na dawa kali kama mofini?

JIBU: Inaruhusiwa. Papa huyohuyo alisema hivyo mwezi Februari 1957, hata kama dawa ingeweza kupunguza siku za mgonjwa, mradi nia iwe kutuliza maumivu, si kuua. Ziko jamaa zinazomwacha mgonjwa augue usiku kucha, zikidhani dawa hiyo ni dhambi. Hofu hiyo haikutoka kwa Kanisa. Huko Uganda, tangu mwaka 1993, shirika la Hospice Africa limewapa wagonjwa mofini ya kunywa, nao huinywa majumbani mwao.

SWALI: Ndugu aliyekwisha kuomba kuuawa aachwe?

JIBU: Hasha. Barua ya Roma ya mwaka 2020, iitwayo Samaritanus bonus, yasema padri hawezi kumwondolea dhambi anayeshikilia shauri hilo. Lakini yataka atembelewe na kusindikizwa, na mlango wa kutubu usifungwe. Mara nyingi anayeomba kufa anaogopa maumivu, au upweke, au kuwalemea watoto wake. Basi jamaa waulize kwanza: Unaumwa wapi? Usiku nani hukaa nawe? Dawa inatosha? Tena padri aitwe mapema, mgonjwa angali aweza kusema, kwa maana Sakramenti ya Wagonjwa haikuwekwa kwa wanaokata roho peke yao.