MWALIMU WA MISRI NA MKEBE WA GITHERI

Katika somo langu nataka tumtembelee mwalimu mmoja wa kale, kisha tuje naye mpaka hapa Thika.

Mwalimu huyo ni Clement. Alizaliwa yapata mwaka 150, akafundisha imani ya Kikristo mjini Alexandria, Misri, katika bara letu hili hili. Aliuhama mji huo karibu mwaka 202 Wakristo walipoteswa.

Wengi hudhani wasomi wa dini waliandika juu ya mbinguni tu. La! Kitabu chake kiitwacho Paedagogus, yaani Mlezi, kinazungumzia kula, kulala, viatu, hata kucheka. Kuhusu vyombo vya mezani anauliza kama kisu hukataa kukata kwa kukosa mpini wa pembe za ndovu, na kama taa ya mfinyanzi haimuliki sawa na ya sonara. Fundisho lake ni kwamba chombo hupimwa kwa kazi yake, si kwa bei yake.

Sasa tuje kwetu. Kuna mwenzetu mmoja aliyempigia mamake simu asije siku ya wazazi. Mama huyo huuza ndizi Ruiru. Kisa na maana? Eti atashuka matatu na githeri ndani ya mkebe wa plastiki, ilhali wengine wanaletewa kuku kwa gari. Jamani! Githeri ya mkebe haishibishi? Na karo ya huyo kijana si inatoka kwa ndizi hizo hizo?

Lakini wenye kuku nao tusiwahukumu. Clement aliandika pia juu ya tajiri atakayeokoka, akifafanua Injili ya Marko sura ya 10. Anasema mali ni kama zana: ikitumiwa vibaya, kosa ni la mtumiaji. Jembe mkononi mwa mkulima hodari wa kahawa hapo Ruiru hupalilia; mkononi mwa mlevi hukata miche. Tena anauliza, kama kila mtu hana kitu, nani atamlisha mwenye njaa? Kwa hivyo cha kung'olewa kwanza ni tamaa iliyo moyoni.

Basi tufanye nini? Kwanza, mwenye kuku asogee kwa mwenye githeri, wale pamoja. Pili, tuache kucheka viatu na mikoba ya wazazi wa watu. Tatu, tusiwafiche wazazi wetu. Mama aliyeacha biashara yake siku nzima ili akuone amekuletea zaidi ya chakula.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi naongeza kwamba hata kupokea ni moyo.