Kabla ya Efatha, Yesu Alitumia Mikono

Somo: Marko 7:31-37

Habari hii wengi wetu tunaikumbuka kwa neno moja: Efatha, yaani funguka. Lakini angalia alichofanya Yesu kwanza. Alimtoa yule kiziwi kando ya umati, akamtia vidole masikioni, akatema mate na kumgusa ulimi, kisha akatazama mbinguni. Mbona asiseme neno tu? Kwa sababu mtu yule hangelisikia! Yesu alimweleza kwa njia anayoielewa: nitagusa masikio, nitagusa ulimi, na msaada unatoka juu. Alizungumza naye kabla ya kumponya.

Makanisa mengi huanzia kwa Efatha. Mtoto kiziwi analetwa mbele, anaombewa kwa sauti kubwa, anarudi kuketi. Ibada nzima hakuna aliyemwambia jambo moja akalielewa. Asipopona, watu wananong'ona: mama yake hana imani, ama kuna laana. Mpendwa, hilo si Neno. Katika Kutoka 4:11 Mungu mwenyewe anasema viziwi ni kazi ya mikono yake, na Walawi 19:14 inakataza kumlaani kiziwi.

Uziwi una sababu zinazojulikana. Kuna wa kurithi. Kuna unaoletwa na homa ya uti wa mgongo, surua, rubela kwa mama mjamzito, maambukizi ya sikio yasiyotibiwa, dawa fulani, na kelele. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto ungeweza kuzuiwa. Kwa hivyo mtoto apate chanjo zote. Sikio likitoa usaha, mpeleke kliniki, usitie mafuta. Na hapa kanisani, watoto wasikae mbele ya spika.

Tuombe uponyaji? Ndiyo, Mungu anaponya. Lakini mtoto hujifunza lugha miaka ya kwanza ya maisha. Akikosa sauti, na tukimnyima ishara tukingoja muujiza, anakua bila lugha yoyote. Atamwombaje Mungu?

Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili yenye sarufi yake, si Kiswahili cha mikono. Viziwi wengi hawajioni kuwa wagonjwa. Ni jamii yenye lugha na utani wake. Katiba ya 2010, ibara ya 120, inaitambua kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kama Bunge limempa kiziwi nafasi, je, nyumba ya Mungu? Warumi 10:17 inasema imani huja kwa kusikia. Kiziwi husikia kwa macho.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo naangalia bajeti. Tukinunua spika kila mwaka na mkalimani hana hata shilingi, tumeshaamua nani hatumtarajii mlangoni.

Fanya hivi wiki hii:
1. Jifunze ishara tano: karibu, jina lako nani, asante, Yesu, nakupenda.
2. Jirani mwenye mtoto kiziwi, mtembelee. Msalimie mtoto kwanza.
3. Kwenye cell group mjadili: kiziwi akija Jumapili, ataondoka na nini?

Maombi: Bwana, fungua masikio yao. Na mikono yetu pia, uifungue. Amina.