Tundu Lililofichika

Je, umewahi kumtazama fundi wa baiskeli akiziba pancha? Mpira wa ndani ukitoboka, haifai kuujaza upepo kila asubuhi, kwani jioni utakuwa umelala tena. Fundi huujaza upepo, huuzamisha katika karai la maji, kisha hutazama mapovu yanakotokea. Hapo ndipo penye tundu. Mabomba ya maji nayo huhitaji fundi mwenye busara kama hiyo.

Kanieneo ya maji

Maji husukuma kuta za chombo yalimo. Msukumo huo katika kila kipimo cha eneo huitwa kanieneo.

Jaribio la 1

Vifaa: mkebe mrefu, msumari, nyundo, nta, maji.

Njia: Toboa ubavuni mwa mkebe matundu matatu yenye ukubwa sawa: moja karibu na juu, la pili katikati, la tatu karibu na chini. Yazibe kwa nta. Simamisha mkebe ukingoni mwa meza, nje ya darasa. Ujaze maji, kisha zibua matundu yote kwa pamoja.

Utaona kwamba maji ya tundu la chini huruka mbali zaidi. Kina cha maji kikizidi, kanieneo nayo huzidi. Ndiyo sababu matangi ya maji hujengwa mahali palipoinuka.

Ziwa Viktoria liko karibu meta 1,135 juu ya usawa wa bahari. Butiama iko juu kuliko ziwa, na maji hayapandi mlima yenyewe. Hivyo husukumwa kwa pampu kutoka Mugango, kando ya ziwa, kupitia Kiabakari hadi Butiama. Kila lita inayovuja njiani imekwisha kutumia nguvu za pampu bure.

Jaribio la 2

Vifaa: mpira wa kumwagilia maji uliochakaa, msumari, koki ya maji.

Njia: Toboa mpira katikati kwa msumari, uache msumari tunduni. Unga mpira na koki, ufungue maji kiasi. Pima umbali ambao maji yanaruka mwishoni mwa mpira. Sasa chomoa msumari, upime tena.

Umbali umepungua. Sehemu ya maji imetoroka tunduni, na yaliyobaki hufika mwisho yakiwa na msukumo mdogo. Ukifungua koki zaidi, maji yataongezeka mwishoni, lakini yatazidi pia kuvuja. Kuongeza msukumo si kuziba tundu.

Kutafuta tundu nyumbani

Tuseme nyumba moja mjini Musoma au Bunda ina mita ya maji, na koki zake zimeanza kutoa maji kwa unyonge. Waulize kwanza majirani. Kama kwao ni vivyo hivyo, huenda tatizo liko katika bomba kuu. Mamlaka ya maji ipewe habari. Kama kwao ni salama, fanya hivi:

1. Funga koki zote.
2. Soma mita, uandike tarakimu zake.
3. Ngoja saa moja, mtu yeyote asitumie maji.
4. Soma mita tena.

Tarakimu zikibadilika, maji yanavuja baada ya mita. Tafuta ukuta wenye unyevu, udongo uliolowa, au majani mabichi wakati wa kiangazi. Kisha aitwe fundi.

Hatari ya tundu

Tundu halitoi maji tu. Maji yakikatika, kanieneo ndani ya bomba hushuka, na maji machafu ya nje yaweza kuingia. Maji hayo huweza kuleta kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Kwa hiyo tundu dogo lisidharauliwe, na maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote.

Maswali

1. Kwa nini tangi la maji hujengwa mahali pa juu?
2. Kwa nini maji ya Butiama huhitaji pampu?
3. Koki inayovuja ilijaza kikombe cha mililita 250 kwa dakika 10. Je, ni lita ngapi zitapotea kwa siku moja? Zingejaza ndoo ngapi za lita 20?
4. Fundi mmoja ameshauri kununua pampu badala ya kuziba bomba. Wewe ungemjibu nini? Toa sababu.
5. Kagueni koki za shule yenu. Andikeni zile zinazovuja, mkampe mwalimu.