Ngozi imebandikwa: namna ya kuilinda na vijidudu

Umetoka chumba cha upasuaji hapa Kasongo. Wamekata ngozi nyembamba pajani, wakaibandika kwenye kidonda cha moto. Siku tano hivi za mwanzo ndizo huamua kama itashika. Kazi yako kubwa ni kutoigusa.

Bendeji ya kwanza haifunguliwi nyumbani. Hata ikiwasha. Hata shangazi akitaka kuona. Ngozi hiyo bado haina mishipa yake, inanyonya chakula kutoka chini. Ikiteleza kidogo tu, maji hukusanyika chini yake, na vijidudu hupenda hapo.

Muuguzi akishaifungua, muulize: nipake nini, wapi, mara ngapi? Dawa ya antibiotiki ya kupaka hutumika pale tu alipokuonyesha. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua shashi safi, paka safu nyembamba. Usitie kidole kwenye mdomo wa tyubu, wala usiigawie jirani.

Je, umebakiwa na ile krimu nyeupe ya sulfadiazini ya vidonda vya moto? Iweke kando mpaka daktari aseme. Ilifaa kabla ya upasuaji. Kwenye ngozi changa inaweza kuchelewesha kupona.

Halafu kuna ile tabia yetu ya kupasua kapsuli ya ampisilini na kumwaga unga kwenye kidonda. Acha kabisa. Kapsuli ni ya kumeza. Unga wake unaweza kukuletea mzio, na vijidudu hujifunza kuishinda dawa. Dawa ya meno na majani ya kutwanga pia hapana. Mawese yabaki kwenye sombe, na sombe uile pamoja na samaki, maharagwe au mayai. Mwili haujengi ngozi kwa fufu peke yake.

Paja litauma kuliko kidonda chenyewe. Ni kawaida. Bendeji yake iache mpaka ijiachie, kama wiki mbili.

Kama unatoka Kabambare, omba ndugu wa Kasongo akulaze mpaka bendeji ya kwanza ibadilishwe. Pikipiki hutikisa, na vumbi halina huruma. Kama ni mguu uliotibiwa, uinue juu ya mto. Lala ndani ya chandarua hata mchana, maana inzi hawangoji usiku.

Ukisikia harufu mbaya, ukaona usaha au ukijani kwenye bendeji, ukapata homa, au maumivu yakazidi badala ya kupungua, rudi hospitali siku hiyohiyo. Usiongeze krimu ukisubiri kesho.