Baba Mkwe Yumo Ndani ya Mita 30

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni mhandisi wa barabara, mtumishi wa serikali, nina miaka 32. Nimekulia Dar es Salaam, nikahamishiwa Dodoma miaka miwili iliyopita, nikaoa huku huku kwa Wagogo. Sasa nimepangiwa kusimamia upanuzi wa barabara kuu inayopita kijijini kwa wakwe zangu. Ukipima mita 30 kutoka katikati ya barabara, unaikuta nyumba ya baba mkwe, makaburi manne ya ukoo na mbuyu ambao wazee wanasema wao ndio waliukuta.*

*Mzee ameniita mara mbili. Hajanitishia wala hajanipa kitu. Anasema tu, "Mwanangu, sogeza kidogo upande wa pili, kule ni pori." Mke wangu hanisemeshi. Mkuu wangu kazini anasema nichore X ya kubomoa twende mbele, mkandarasi asije akatudai kwa kumchelewesha. Watoto wakiliona gari letu wanakimbia huku wakipiga kelele, "X! X!"*

*Shangazi, nimechoka. Mkandarasi wa kipande chetu ameniahidi nafasi kwake, mshahara mara tatu ya huu. Niache kazi ya serikali?*

*Mkwe wa Wagogo, Dodoma*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ina mizigo mitatu umeifunga kwa kamba moja. Tuifungue, tupakue mmoja mmoja.

Wa kwanza ni ukwe. Hapa sina maneno mengi: wiki hii andika barua kwa mkuu wako, ueleze kwamba nyumba na makaburi ya wakwe zako yamo ndani ya eneo la mradi, uombe uamuzi wa kipande hicho apewe mhandisi mwingine. Usimweleze kwa mdomo kwenye korido. Andika, wapokee, wagonge muhuri, nakala ubaki nayo. Barabara ikisogea ukiwa wewe ndiye msimamizi, hata kama sababu ni ya kitaalamu kabisa, kijiji kizima kitasema mkwe kabebwa. Isiposogea, mzee atakwenda kaburini akiamini ungeweza ukakataa. Kwa vyovyote vile umepoteza, na dawa yake ni karatasi moja tu.

Mzigo wa pili ni ardhi yenyewe, na hapa nataka tukae kidogo. Wewe umekulia Dar es Salaam; huku kila jiwe lina mwenyewe. Mtu akitafuta historia Zanzibar anaonyeshwa milango na baraza za Mji Mkongwe. Dodoma historia yake haijajengwa kwa mawe na chokaa. Iko kwenye visima, makaburi, mibuyu na njia. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1910, misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilikatiza Ugogo kwa kufuata maji, na watemi wa Kigogo waliitoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Wazungu akina Burton na Stanley walilipa kama wengine. Kwa hiyo mzee akikuuliza "unapita kwangu kwa idhini ya nani?", ujue swali hilo limeulizwa hapa zamani sana, na walioulizwa walijibu.

Tena mji wenyewe, mwanangu, una jina ambalo mhandisi angelibandika ukutani ofisini. Wazee husimulia kwamba tembo alikwenda kunywa maji kwenye kijito, akazama matopeni, watu wakasema kwa Kigogo *idodomya*: amedidimia. Ndipo likatoka jina Dodoma. Udongo mweusi wa mbugani unaujua kuliko mimi: masika unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, na lami iliyolazwa juu yake bila kuchimba ule udongo na kujaza kifusi kizuri, au kuuchanganya na chokaa, haichukui muda ikawa mawimbi. Unajua pia makorongo ya huku. Miezi saba au minane ni mchanga mtupu wa kuchezea watoto, halafu usiku mmoja wa Januari linashuka wimbi la kubeba lori.

Sasa jiulize: kwa nini wazee walijenga pale, na ng'ambo wakaacha "pori"? Huenda ni bahati. Huenda ng'ambo ndiko maji yanakopita. Muulize mzee: mvua za Elnino za 1997 na 1998 zilifika wapi? Akuonyeshe kwa fimbo, mpimaji achukue vipimo, yaandikwe kwenye taarifa pamoja na vipimo vya udongo. Jibu lake laweza kuthibitisha kwamba njia mliyochora ni sahihi na nyumba haina budi kuondoka. Laweza pia kuonyesha kwamba kalavati mliyopanga ni ndogo. Undugu usisogeze mstari hata sentimita moja, lakini ushahidi ukitaka usogee, usogee, hata kama aliyeuleta ni baba mkwe wako. Ndiyo maana nataka apimaye asiwe wewe.

Ukiona nakutuma kwa wazee kizembe, nenda Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta matingatinga kulima karanga kwa maelfu ya ekari, na hesabu zao kwenye karatasi zilipendeza. Mvua ikawa haba, kiangazi udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, mashine zikavunjika. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. Wagogo wa pale walizijua njaa za nchi yao kabla ya meli ya kwanza ya mashine kutia nanga.

Kusikiliza kusikufanye usahau sheria, maana sheria ndiyo itakayomlinda mzee kuliko huruma yako. Swali la kwanza ni lile ambalo kila Mtanzania analijua: nani kamfuata mwenzake, mtu kaifuata barabara, au barabara imemfuata mtu? Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilitanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 ana kesi ngumu. Aliyekuwa kihalali kwenye zile 7.5 zilizoongezwa, barabara ndiyo imemfuata, na eneo likihitajika analipwa. Ndiyo maana kuna X nyekundu kwa yule wa kwanza na X ya kijani kwa huyu wa pili. Watoto wanaokimbia gari lenu hawajui tofauti ya rangi hizo. Baba mkwe wako anaijua? Kuna mtu aliyewahi kukaa naye akamweleza posho ya usumbufu ni nini, ya makazi ni ipi, ya usafiri inahesabiwaje?

Na makaburi si kifusi. Ipo sheria ya kuhamisha makaburi tangu mwaka 1969: ndugu wapewe taarifa, na fidia inahusu kufukua, kusafirisha, kuzika upya, hata gharama za tambiko. Mkuu wako anayesema "chora X twende" akumbushwe hilo kwa adabu, kwa maandishi. Na grada likifukua vigae vya kale au mifupa isiyo na mwenyewe, kazi isimame pale na watu wa Mambo ya Kale waitwe. Barabara ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, inapita Kolo, jirani na miamba yenye michoro ya kale ya Kondoa ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2006 kuwa urithi wa dunia. Huku huwezi kujua jembe litaamsha nini.

Zile kelele za "X! X!" zisikuumize sana. Watu wa huku wamepimwa tangu mwaka 1973, Dodoma ilipotangazwa makao makuu na CDA, mamlaka ya kuustawisha mji, ikaundwa. Bikoni zilipandwa mashambani mwao, migogoro ya viwanja ikarithiwa na watoto, hadi CDA ikavunjwa mwaka 2017. Sasa wanaona barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 ikizunguka jiji, Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa hadi Matumbulu. Mtu mwenye fulana ya kuakisi mwanga na kifaa cha kupimia ni habari ya zamani kwao, na si kila mara ilikuwa habari njema.

Mzigo wa tatu umeuweka mwishoni kama kitu chepesi, nao ndio mzito kuliko yote. Mkandarasi *wa kipande chenu* amekuahidi kazi. Mwanangu, wewe ndiye unayepima unene wa tabaka zake na kusaini malipo yake! Mtu huyo hajakuajiri bado, lakini umeshaanza kumfanyia hesabu za mshahara wake. Kesho sampuli ya kifusi ikifeli maabara, kalamu yako itakuwa nyepesi kiasi gani? Mkatalie, na hilo nalo liingie kwenye barua ile ile ya mkuu wako. Serikalini unaweza kuondoka siku yoyote, si dhambi. Wahandisi wengi wazuri wako kwa wakandarasi. Ila uondoke ukiwa umemaliza hili, na uende kwa mtu ambaye hujawahi kumsainia hati.

Barua ikishapokelewa, Jumapili mchukue mke wako mwende kijijini. Gari la kazi liache ofisini, pandeni basi. Piga *mbukwenyi* kama mkwe, kaa kwenye kigoda utakachopewa, kula ugali wa uwele na mlenda. Kisha mwambie mzee ukweli: "Baba, kuanzia sasa si mimi ninayeamua. Atakuja mwenzangu. Akija, usimwambie asogeze. Mwonyeshe maji yanapopita."

Shangazi