Somo la Kumi na Mbili: Likizo Kisiwani Mafia

Kabla ya kusoma

Ndugu mwanakisomo, je, umewahi kusikia watu wanaosafiri siku mbili kwenda kumtazama samaki? Hawamvui. Hawamli. Wanalipa fedha kwa kumtazama tu, kisha wanarudi kwao wamefurahi. Watu hao wapo. Soma somo hili ujue wanakwenda wapi, wanaona nini, na wenyeji wa huko wanapata nini.

1. Kisiwa chenyewe

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Kisiwa hiki kipo katika Bahari ya Hindi, karibu na mahali Mto Rufiji unapoingia baharini. Kando yake viko visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Wenyeji wengi ni wavuvi na wakulima wa minazi.

Mwaka 1994 Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za bahari. Mwaka 1995 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hiyo ndiyo hifadhi ya kwanza ya namna hiyo katika Tanzania. Eneo lake ni kilometa za mraba 822. Ndani ya hifadhi hiyo vimo vijiji, na watu wanaendelea kuvua kwa kufuata kanuni. Kuna sehemu ambazo hazivuliwi kabisa, ili samaki wapate mahali pa kuzaliana. Kuna sehemu nyingine zinazovuliwa kwa zana zinazokubaliwa.

2. Familia inasafiri

Sasa tuitazame familia moja ya Morogoro. Wamo baba, mama, bibi mzaa baba, binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 10. Walidunduliza fedha mwaka mzima. Mwezi wa Desemba, shule zilipofungwa, walipanda basi mpaka Dar es Salaam. Kutoka Mbagala walipanda gari jingine mpaka Nyamisati. Hapo walipanda boti mpaka Kilindoni, mji mkuu wa Mafia.

Walichagua mwezi wa Desemba kwa sababu mbili. Kwanza, ni wakati wa kaskazi, na bahari huwa shwari kuliko wakati wa kusi. Pili, kati ya Oktoba na Machi papa potwe huonekana kwa wingi upande wa magharibi wa kisiwa.

3. Samaki mkubwa kuliko wote

Asubuhi walikwenda pwani. Watoto walimwamkia nahodha, "Shikamoo!" Naye akaitikia, "Marahaba, wanangu." Kila mtu alipewa jaketi la kujiokolea. Nahodha hakuondoka mpaka alipohakikisha kuwa wote wamelifunga vizuri.

Haikuchukua muda wakamwona potwe. Alikuwa mrefu kuliko mashua yao. Ngozi yake ilikuwa na madoa meupe kama kanga ya ndege. Mvulana akashika mkono wa bibi yake akauliza, "Bibi, atatula?"

Nahodha akacheka. "Hakuli wewe, mwanangu. Potwe ni papa, lakini chakula chake ni dagaa na vijidudu vidogo vya baharini. Hufungua kinywa, akachuja maji, akameza kilichobaki. Na madoa yake hayafanani na ya mwenzake. Watafiti humpiga picha, wakamtambua akirudi mwaka mwingine."

Potwe akaanza kwenda mbali. Baba akasema, "Nahodha, ongeza mwendo umkate mbele. Nitakuongezea shilingi elfu ishirini."

"Samahani, ndugu yangu," nahodha akajibu. "Fedha hiyo naihitaji, lakini sitaifuata. Panga la mashine likimkata, ataumia. Akifukuzwa kila siku, atahama. Akihama, mimi na wenzangu hatutakuwa na kazi. Tumsubiri. Akitaka atarudi mwenyewe."

Walizima mashine wakasubiri. Baada ya robo saa potwe akarudi, taratibu, akila dagaa wake. Baba na binti wakaingia majini pamoja na kiongozi. Walikaa mbali naye hatua nne. Hawakumgusa, wala hawakumzuia njia. Baba aliporudi mashuani alisema neno moja tu, "Ahsante."

4. Bustani chini ya maji

Siku ya pili walikwenda Utende. Langoni walilipa ada ya hifadhi na kupewa stakabadhi. Kisha wakaingia katika Ghuba ya Chole kuona matumbawe.

Kiongozi aliwafundisha kutumia miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia. Alisema hivi:

(a) Temea mate kidogo ndani ya miwani, kisha suuza kwa maji ya bahari. Kioo hakitapata ukungu.
(b) Bana mrija kwa meno, funga midomo, pumua kwa kinywa polepole.
(c) Lala kifudifudi juu ya maji. Tazama chini. Usihangaike.
(d) Kaa na mwenzako. Usiende peke yako.
(e) Usisimame juu ya matumbawe. Usishike kitu chochote usichokijua.

Mama hakujua kuogelea. Alivaa jaketi, akashika boya, na kiongozi akamvuta taratibu. Aliona samaki wa njano, wa buluu na wenye milia. Akasema, "Kumbe bahari ina shamba lake!"

Watu wengi hudhani matumbawe ni mawe. Si mawe. Ni wanyama wadogo sana wanaoishi pamoja kwa maelfu. Wanyama hao hujenga nyumba za chokaa, kizazi juu ya kizazi. Kazi yao ni ya polepole. Tumbawe la duara linaweza kukua sentimeta moja tu kwa mwaka. Kwa hiyo tumbawe lenye kimo cha mtoto huenda limeanza kukua kabla babu zetu hawajazaliwa. Mguu mmoja unaweza kulivunja kipande kwa nukta moja.

Matumbawe ni makazi ya samaki. Baruti ikipigwa, huua wakubwa na wadogo, nayo nyumba yao hubomoka. Anayepiga baruti hupata kikapu leo, na kijiji hukosa kitoweo miaka mingi. Ndiyo maana sheria inakataza. Kuna adui mwingine pia, nalo ni joto. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi. Matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa, hata ya Mafia. Joto hilo mwanakijiji hawezi kulizuia peke yake. Lakini mwamba usiovunjwavunjwa una nafasi nzuri zaidi ya kupona.

5. Kasa na swali la bibi

Wakiwa majini walimwona kasa akila majani ya bahari. Mvulana alirudi akimsimulia bibi yake. Bibi akamgeukia nahodha.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa pwani. Utotoni tulikula kasa na mayai yake. Hatukufa. Mbona sasa mnakataza?"

"Bibi, kwanza ni sheria," nahodha akajibu. "Kasa huchukua miaka mingi mpaka kutaga. Hutaga mayai mia au zaidi kwa mara moja, lakini wanaofika utu uzima ni wachache mno. Pili, nyama yake inaweza kuua. Si kila kasa ana sumu. Lakini mwenye sumu humjui kwa macho, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa."

Akasema pia kwamba mwezi wa Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Wengine wengi walilazwa hospitali. Hata mtoto anyonyaye anaweza kudhurika kwa maziwa ya mama aliyekula.

Bibi akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi sisi tuliponea chupuchupu. Nitawaambia wenzangu."

6. Popo wa Chole

Jioni walivuka kwenda Chole. Huko kuna popo wakubwa wanaokula matunda. Mchana huning'inia mitini, na jua likichwea huruka kwenda kutafuta chakula. Popo hao husambaza mbegu za miti. Watazame kwa mbali. Usimshike popo hata akianguka, maana anaweza kuwa na ugonjwa.

7. Faida ni ya nani?

Usiku mama alihesabu matumizi. Walikuwa wamelipa boti, chumba, chakula, nahodha, kiongozi na ada ya hifadhi. Fedha hizo ziligawanyika kwa watu wengi. Mama wa mgahawa alinunua samaki kwa mvuvi. Mvuvi alinunua unga dukani.

Lakini tusidanganyane. Fedha za wageni hazimfikii kila mtu. Mvuvi aliyefungiwa mwamba aliozoea ana haki ya kuuliza, "Ada imekusanywa kiasi gani? Kijiji kimepata nini? Zimefanya kazi gani?" Maswali hayo huulizwa katika mkutano mkuu wa kijiji, na majibu yake huandikwa katika taarifa ya mapato na matumizi. Anayejua kusoma na kuhesabu ataisoma taarifa hiyo mwenyewe. Asiyejua ataambiwa tu. Hapo ndipo kisomo kinapokuwa ngao ya mvuvi.

Hifadhi haiwezi kulindwa na askari peke yao. Italindwa na wenyeji wanaoona kwamba potwe, kasa na matumbawe wakiwa hai wanawapa riziki leo na kesho.

Maneno ya kujifunza

dunduliza: weka akiba kidogo kidogo
ghuba: sehemu ya bahari iliyoingia katika nchi kavu
hifadhi: eneo linalolindwa kwa sheria
pauka: poteza rangi
stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba umelipa

Maswali

1. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka gani?
2. Kwa nini familia ilichagua mwezi wa Desemba?
3. Papa potwe hula nini?
4. Kwa nini nahodha alikataa shilingi elfu ishirini?
5. Taja sababu mbili za kutokula kasa.
6. Kwa nini ni vibaya kusimama juu ya matumbawe?

Hesabu

Mashua inabeba wageni 6. Kila mgeni analipa shilingi 30,000. Hiyo ni bei ya mfano. Mashua inakwenda safari 3 kwa wiki.
(a) Safari moja inaleta shilingi ngapi?
(b) Wiki 4 zinaleta shilingi ngapi?
(c) Mafuta na ujira ni shilingi 100,000 kwa kila safari. Baada ya wiki 4, kinabaki kiasi gani?

Jadilianeni

Kijijini kwenu kuna kitu gani, cha nchi kavu au majini, ambacho kikilindwa kitawafaa watoto wenu? Nani atapata hasara kikilindwa? Mtamfidia vipi? Chagueni katibu aandike maoni yenu, kisha yasomwe mbele ya darasa.