Usitupe Jiwe Kabla ya Kulipima



Somo letu la safari hii ni la mawe. Huko Taita Taveta na Kwale wako wengi wanaochimba mawe ya thamani. Jembe na sululu wanazo, lakini elimu ya mawe wameachiwa mabroka. Basi hebu tujifunze kidogo.

Mto Umba unaanzia milima ya Usambara, Tanzania, na kumwaga maji yake baharini huku kwetu Vanga. Katika bonde lake upande wa Tanzania, miaka ya 1960, wachimbaji walikuwa wakitafuta rodolaiti, gaineti nyekundu yenye uzambarau. Pamoja nayo walipata mawe ya rangi ya chungwa, ya waridi na ya hudhurungi. Wanunuzi waliyakataa kwa sababu hayakuwa rodolaiti. Yakawekwa kando na kubandikwa jina la aibu, "malaya", maana hayakuwa na kwao. Baadaye wataalamu waliyapima, wakakuta ni gaineti halali, tena ya aina adimu. Leo yanatafutwa na kulipiwa pesa nzuri, na sokoni bado yanaitwa kwa jina lile lile. Lakini aliyeyatupa hakurudishiwa kitu.

Gaineti ni ukoo

Gaineti si jiwe moja, ni ukoo. Zote ni silikati, yaani zimejengwa kwa silika, kitu kile kile kilicho katika mchanga mweupe, ikiungana na metali. Muundo wao wa ndani ni mmoja. Kinachotenga nyumba na nyumba ni metali zilizomo:

1. Manganizi na alumini: spesatini, ya rangi ya chungwa.
2. Magnesiamu na alumini: piropi, nyekundu.
3. Chuma na alumini: almandini, nyekundu iliyoiva.
4. Kalsiamu na alumini: grosula. Tsavoraiti, ile ya kijani ya Taita Taveta, ni ya nyumba hii.

Jiwe la Umba ni mtoto wa nyumba mbili, piropi na spesatini. Ni kama githeri: mahindi yakizidi au maharagwe yakizidi, bado ni githeri. Tofauti ni kwamba katika jiwe huwezi kuchambua kwa mkono. Manganizi ikizidi, jiwe huwa zito zaidi.

Kupima kikundini

Gaineti ni ngumu, hukwaruza chupa. Lakini hata kwatzi hukwaruza chupa, kwa hiyo msiishie hapo. Tena msikwaruze kwa upande mzuri wa jiwe, mtaliharibu.

Kipimo bora ni uzito. Tafuteni mizani ndogo kama ya sonara.

Kwanza, safisheni jiwe, lisibaki na mwamba, kisha mlipime likiwa kavu. Tuseme ni gramu 7.6.

Pili, wekeni gilasi ya maji juu ya mizani na kuirudisha kwenye sifuri. Lifungeni jiwe kwa uzi mwembamba, mlitumbukize majini bila kugusa chini wala kando. Tuseme mizani inasoma gramu 2.0.

Tatu, gawanyeni 7.6 kwa 2.0. Jibu ni 3.8.

Kwatzi hutoa karibu 2.65. Piropi tupu ni karibu 3.6, na spesatini karibu 4.2. Jiwe la Umba huwa katikati, karibu 3.8. Lakini angalieni: rodolaiti nayo hukaribia hapo hapo, ndiyo maana rangi lazima itazamwe pia. Jiwe dogo sana hudanganya mizani. Jibu la mwisho ni la mtaalamu mwenye vyombo. Kipimo chenu kinawaonyesha tu jiwe lipi linastahili nauli ya kumfikia.

Msisahau kwamba kwa Sheria ya Madini ya 2016, mchimbaji mdogo anahitaji kibali. Asiye na kibali huuza kwa kujificha, na anayejificha hapangi bei.

Maswali ya kujadili

1. Ni mawe gani tunayoyatupa kwa sababu tu mnunuzi amesema hayafai?
2. Je, kikundi chetu kinaweza kuchanga na kununua mizani moja?
3. Nani kati yetu atatunza daftari la rangi, uzito na mahali kila jiwe lilipotoka?